Kijana Mwenye Usonji Anapokua

Usonji hauishi mtoto anapoota ndevu au anapovunja ungo. Hilo ndilo la kwanza kulishika katika mazungumzo haya, wasikilizaji wapenzi mlioko Nyamagana na Ilemela, mlioko Magu, Misungwi na Sengerema, nanyi mlio ng'ambo ya maji kule Ukerewe. Mtoto mwenye usonji huwa kijana mwenye usonji, kisha mtu mzima mwenye usonji. Kinachobadilika ni kimo, sauti, na yale ambayo watu wanamdai. Akiwa mdogo huulizwa: mbona haongei? Akifika miaka 15 swali linabadilika, na huulizwa kwa sauti ya chini: huyu ataishije?

Mazungumzo ya leo yanahusu swali hilo la pili. Yataanza na masikio, pua na ngozi ya kijana, yataingia kwenye afya yake, yatafika ziwani, na mwisho yatakuja kwenye kujitegemea. Kujitegemea kumewekwa mwisho kwa makusudi. Kijana anayeumizwa na kelele, ambaye hakulala usiku na jino linamsumbua, hafundishiki, hata mwalimu wake awe hodari namna gani. Mwili utulie kwanza, ndipo mafunzo yaingie.

Kwa kifupi, usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani. Huonekana katika namna mtu anavyowasiliana na wenzake, katika kushikilia mazoea yaleyale, na katika jinsi mwili unavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Daktari Leo Kanner aliueleza kwa maandishi nchini Marekani mwaka 1943. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa nao. Wapo wanaoongea sana na wapo wasiotamka neno. Wapo wanaofaulu darasani na wapo wanaohitaji kusaidiwa hata kuoga. Hauletwi na laana, hauletwi na chanjo, wala hauletwi na mama kutompenda mwanawe. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mganga inayouondoa. Inasikitisha kuona familia inauza ng'ombe kumlipa mtu aliyeahidi kuuondoa, wakati fedha hizo zingelipa nauli ya kliniki kwa miezi mingi.

Basi, hisia kwanza. Mwanza ni mji wenye sauti. Konda hugonga bati la daladala kwa kiganja, spika za maduka ya Makoroboi hushindana, mvua ya ziwani hupiga mabati ya nyumba isiyo na dari mpaka watu hawasikilizani. Pale mwaloni Kirumba, harufu ya dagaa hukutana na moshi wa injini na makelele ya wapakizi. Watu wengi huzoea baada ya dakika chache, kwa sababu ubongo wao huyaweka hayo pembeni. Kwa vijana wengi wenye usonji hayawekeki pembeni. Yote huingia kwa pamoja. Kijana akifika kikomo huziba masikio, hukimbia, hupiga kelele, hujipiga, au hukaa kimya asijibu chochote. Wapita njia husema hakulelewa. Je, ni kweli? La. Huo ni mwili uliozidiwa, na mwili uliozidiwa hauonyeki kwa fimbo. Wapo pia walio kinyume: hutafuta hisia zaidi, hujibembeza, hurukaruka, hunusa kila kitu, hupenda kubanwa na blanketi zito. Na kijana mmoja anaweza kuwa na pande zote mbili, asistahimili blenda ya jirani lakini yeye mwenyewe afungulie redio mpaka mwisho.

Kazi ya familia hapo ni kuchunguza. Mfano mzuri ni chandarua. Ukanda wa ziwa una malaria, na kila mtu anatakiwa kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Sasa kijana anakivuta na kukitupa kila usiku, na mama amechoka kugombana naye. Kabla hajaitwa mkaidi, kichunguzwe kinachomkera. Ni harufu ya dawa ya chandarua kipya? Kitolewe kwenye mfuko wake, kianikwe kivulini siku nzima, ndipo kitundikwe. Ni nyuzi zinazomgusa usoni na miguuni? Kitundikwe kwa pembe nne zilizovutwa mbali na kitanda, kisilegee, na ncha zake zichomekwe chini ya godoro. Ni kuingizwa ghafla gizani? Kishushwe mchana, aingie na kutoka mwenyewe, ajue kinafunguka wapi. Familia iliyouliza maswali hayo matatu mara nyingi hupata jibu, na kijana hulala. Iliyopiga kelele huishia na chandarua kilichochanika na kijana mwenye malaria.

Uchunguzi huohuo unafaa kwenye mengine. Shati jipya la sare lenye kola ngumu linaweza kumtesa kijana siku nzima, wakati shati la mtumba lililokwisha kufuliwa mara nyingi ni laini na halimsumbui. Nembo ya shingoni ikatwe kwa wembe. Hedifoni kubwa zinazofunika masikio hupunguza kelele hata kama hazikuchomekwa popote. Kofia yenye ukingo husaidia dhidi ya mwanga unaorudi kutoka majini. Mezani, anayekataa dagaa kwa sababu ya macho yao, au anayekula matobolwa na kukataa michembe, hamdharau aliyepika; ulimi wake unapokea tofauti. Chakula kipya kiwekwe kidogo pembeni ya kile anachokipenda, siku nyingi, bila kulazimishwa. Akianza kupungua uzito, au akibakiwa na vyakula viwili vitatu tu, hilo ni la kupelekwa kliniki.

Na zaidi ya yote, kijana afundishwe kujitambua. Awe na ishara moja, neno, kadi au mkono kifuani, yenye maana ya "nimezidiwa, nahitaji kutoka". Nyumbani, shuleni na kanisani au msikitini waijue ishara hiyo na waiheshimu. Kijana anayeweza kusema "nahitaji kutoka" kabla hajalipuka tayari ameanza kujitegemea.

Sasa afya. Kanuni ya kukumbuka ni hii: tabia ikibadilika ghafla, yatafutwe maumivu kwanza. Wengi wenye usonji hawaonyeshi maumivu kama wengine. Wengine hawajui hata kusema yanatoka wapi. Kijana mtulivu anaanza kujipiga upande mmoja wa kichwa. Je, sikio limechunguzwa? Jino je? Anakataa kukaa chini, au anazunguka usiku kucha. Je, amepata choo wiki hii? Amechoka, hataki kula, amekuwa mkali. Je, amepimwa malaria? Asiyeongea anaweza kuonyeshwa picha ya mwili aguse panapouma. Irudiwe: tabia ikibadilika ghafla, yatafutwe maumivu kwanza.

Kwenda hospitali kwenyewe kunahitaji maandalizi. Iwe ni zahanati ya kata, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, au Bugando iliyo juu ya kilima chake tangu mwaka 1971 na inayopokea rufaa za Kanda ya Ziwa, foleni na harufu ya dawa humtisha kijana kabla hajaguswa. Familia zinazoweza humpeleka siku isiyo ya matibabu, akaona mlango, benchi na mizani, wakarudi nyumbani. Siku ya matibabu muuguzi aambiwe mapema, kijana asubiri nje kivulini mpaka zamu ikaribie, na mhudumu aseme anachotaka kufanya kabla ya kugusa: sasa naweka kipimo hiki mkononi, kitabana, kisha kitalegea. Sentensi hiyo moja hupunguza mapambano mengi.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi huambiwa wakiwa wamechelewa. Watu wenye usonji hupata kifafa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na balehe ni mojawapo ya vipindi ambavyo kifafa hujitokeza. Wakati mwingine ni kuanguka na kutetemeka. Wakati mwingine ni kukodoa macho na kutosikia kwa sekunde kadhaa, na watu hudhani ni usonji wake tu. Akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu visogezwe, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Kifafa kina dawa, na dawa hiyo haikatishwi kwa sababu mwezi umepita salama. Mwenye kifafa pia asiachwe peke yake karibu na jiko la mkaa wala majini.

Kwa wasichana, hedhi izungumzwe kabla haijafika. Damu inayokuja bila taarifa ni hofu kubwa kwa anayependa kila siku iwe kama jana. Pedi zijaribiwe mapema, za dukani na za kitambaa, kwa sababu nyingine hukwaruza na nyingine hutoa sauti ya plastiki. Siku ziwekwe alama kwenye kalenda ya ukutani. Mahali pa kufulia na pa kuanikia paonyeshwe. Kwa wasichana na wavulana pia, sehemu za siri ziitwe kwa majina yake, na kijana ajue nani anaweza kumgusa, wapi, na kwa sababu gani. Kijana aliyefundishwa miaka yote kutii kila mtu mzima yumo hatarini. Kufundishwa kusema hapana, na hapana yake kusikilizwa hata katika mambo madogo, ni ulinzi.

Na wasiwasi na huzuni visisahauliwe. Vijana hawa huona wenzao wakisonga mbele, nao huumia.

Twende ziwani. Hapa panahitaji kusimama kwa muda, kwa sababu ndipo Mwanza inapotofautiana na Dodoma au Iringa. Watu wengi wenye usonji huvutwa na maji: kumetameta kwake, ubaridi wake, namna yanavyoukumbatia mwili wote sawasawa. Na baadhi yao huondoka nyumbani bila kuaga. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji wanaotoroka nyumbani. Sasa fikirieni familia inayokaa Igombe, Luchelele au kisiwa chochote cha Ukerewe, ambako mlango wa nyumba na maji vinatazamana.

Nini kifanyike? La kwanza: kijana akipotea, watu wakimbilie majini kwanza, kabla ya sokoni, kabla ya kwa shangazi. La pili: majirani, wavuvi na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) cha mwalo wa karibu wamjue kijana kwa sura na kwa jina, na wajue kuwa huenda asiitike akiitwa. Familia inayomficha kijana ndani kwa aibu inajinyima walinzi hao wote. La tatu: namba ya simu ya nyumbani ishonwe ndani ya nguo au ichorwe kwenye bangili. La nne: afundishwe kuogelea. Wazazi wengi hukataa kwa hofu, na hofu yao inaeleweka, lakini kumkataza maji mtu anayeyapenda, kando ya ziwa, ni kazi isiyo na mwisho. Afundishwe na mtu mmoja anayemzoea, mahali palepale, kwanza kuelea kwa mgongo, kisha kugeuka na kurudi nchi kavu. Ajifunze akiwa na nguo mwilini pia, kwa sababu anayetumbukia huwa amevaa. Kwenye mtumbwi na kwenye kivuko avae jaketi la kuokolea, na aanze kulizoea nyumbani, maana mikanda yake hubana.

Maji hayo yanakuja na jambo jingine: kichocho. Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo Mwanza kimefanya utafiti juu yake kwa miaka mingi. Dawa yake, prazikwanteli, hugawiwa shuleni. Je, kijana asiyeandikishwa shule anaipata wapi? Mara nyingi haipati, ndiyo maana mzazi anapaswa kwenda kuiulizia zahanati. Vidonge vyake ni vikubwa na vichungu, na huyo ni kijana ambaye ulimi wake hauvumilii ladha kali. Aelezwe mapema, ale kwanza, na mhudumu aulizwe namna iliyo rahisi ya kuvimeza.

Mwili ukishatulia, yaje mafunzo ya kujitegemea. Kujitegemea hakumaanishi kuishi peke yake. Vijana wachache sana wa Kanda ya Ziwa huishi peke yao; wengi hukaa na wazazi, kaka, mjomba. Kujitegemea ni kufanya mwenyewe kinachowezekana, na kuamua mwenyewe kinachomhusu: nguo gani, aoge saa ngapi, acheze na nani. Mama anayemfunga mwanawe vifungo kila asubuhi kwa sababu wanachelewa anampenda, hakuna ubishi. Lakini vifungo hivyo vitamngoja kijana akiwa na miaka 25. Bora aamshwe mapema kidogo, afunge kifungo cha mwisho mwenyewe, kesho viwili, na mama akae na mikono yake mapajani.

Ufundishaji wenyewe ni kuigawa kazi vipande. Chukueni safari ya daladala, kijana anatoka Buhongwa kwenda mjini kupitia Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo moja. Kwake ni mengi: kufika kituoni; kusoma njia iliyoandikwa mbele ya gari; kuliacha gari lililojaa lipite; kutafuta kiti cha dirishani; kumpa konda nauli kamili iliyohesabiwa nyumbani; kutambua alama inayotangulia kituo chake; kusema "shusha". Asiyeongea anaweza kuonyesha kadi yenye jina la kituo. Safari za kwanza ziwe saa nne asubuhi, wanafunzi na wafanyakazi wakiwa wamekwisha kwenda. Kwanza mzazi akae naye. Akishaweza, mzazi akae kiti cha nyuma na asiseme neno. Akishaweza, mzazi amsubiri kituoni. Mwishowe kijana aende na simu ya kitochi yenye namba mbili tatu tu.

Kigumu kuliko vyote ni gari kukatisha njia. Konda anatangaza mwisho hapa, shukeni, na mpango wote wa kijana umevunjika. Hilo nalo lifundishwe kwa mazoezi: siku moja mzazi amshushe makusudi kituo kisicho chake, na wafanye pamoja kile kilichopangwa. Asogee pembeni mwa barabara. Apige simu. Ikishindikana, aingie kwa wakala wa simu na aonyeshe kadi yake. Afanye hivyo mara nyingi mpaka mpango wa pili nao uwe mazoea, kwa sababu mazoea ndiyo nguvu yake.

Dukani kwa Mangi ni vivyo hivyo: kwanza kununua kitu kimoja kwa pesa kamili, akiwa amebeba pakiti tupu ya kuonyesha, chenji ije baadaye. Nyumbani kuna kufua, kuchemsha chai, kuteka maji, kulisha kuku. Picha za hatua zikibandikwa ukutani humwondolea mzazi kazi ya kukumbusha kila saa, na kijana huifuata picha bila kuhisi anasimamiwa.

Vipi salamu? Hapa vijana wengi huhukumiwa bure. Mzee amepita, kijana hakusema shikamoo, na neno "hana adabu" limeshatoka. Mila ya hapa ina nafasi nzuri kwake: kijana wa Kisukuma hatarajiwi kumkodolea macho mkubwa wake, na kuinamisha kichwa ni heshima tosha. Asiyependa kushikwa mkono aweke mkono kifuani. Wazee wakielezwa, wengi huitikia marahaba bila kinyongo.

Upande wa haki, kwa ufupi. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo wa kata ndiye wa kuulizwa. Kijana akitimiza miaka 18 ana haki ya kitambulisho cha NIDA kama mwingine yeyote, na kadi hiyo isisahauliwe, maana bila hiyo hata laini ya simu haisajiliki kwa jina lake. Katika kazi, kinachotazamwa ni mwili na mapenzi yake. Kijana anayepanga vitu kwa mpangilio usiokosea anaweza kufaa sana kwenye stoo au kwenye ushonaji; kupelekwa kuchambua dagaa kwa sababu tu kazi hiyo ipo karibu, huku harufu ikimtapisha, ni kumwonea.

Lililobaki ni la siku ambayo mzazi hayupo, awe amesafiri, amelazwa au amefariki. Dada na kaka wasilishtukie jambo hilo msibani. Liandikwe daftari moja la kawaida: anachokula, kinachomtuliza, kelele asizozivumilia, ishara yake ya kuomba kutoka, anavyoonekana akiwa na maumivu, dawa zake na saa zake, kazi anazozifanya mwenyewe na zile anazosaidiwa. Kijana mwenyewe ashiriki kuliandika, kwa maneno, kwa kuchora au kwa kuonyesha kidole. Nakala ikae kwa ndugu mmoja na nyingine kwa mwalimu au jirani anayeaminika. Kila mwaka lisomwe upya pamoja naye, na yale ambayo sasa anayaweza mwenyewe yahamishwe kutoka orodha ya kusaidiwa.